Kuvaa kizamani safarini bila kujitesa: mwongozo kamili kuanzia kiuno hadi soksi

Kioo kina kasoro moja, kinakuonyesha ukiwa umesimama tu. Safarini husimami sana, unakaa, masaa matatu, manane, wakati mwingine kumi na mbili, magoti yamekunjwa, mkanda wa siti upo tumboni, afu ukishuka ndo unatakiwa uonekane mtu. Ndo maana nguo nyingi za mtindo wa zamani zinazopendeza kwenye picha zinageuka adhabu njiani, na ndo maana pia kuna nguo za enzi hizohizo zinazofaa safari kuliko hata trakisuti za siku hizi. Kwa hiyo kila kitu humu kinapimwa kwa swali moja, hii nguo nikikaa nayo inakuaje?

Na kizamani nnachoongelea ni cha kuanzia miaka ya 30 hadi ya 80, huko nyuma zaidi kwenye kolseti na magauni ya kuburuza sitakugusia.

Hatua ya kwanza: jaribio la kiti

Kabla hujawaza rangi wala enzi, vaa nguo yako, tafuta kiti kigumu, kaa nusu saa nzima. Sio dakika mbili, dakika mbili kila nguo inafaulu. Chezea simu, inama kama unafunga kamba ya kiatu, nyanyua mikono yote miwili juu kama unaweka begi kwenye kabati la juu ya siti. Hapo utajua kama mabega yanakubana, kama blauzi inapanda tumbo linabaki nje, kama kitambaa kinajikusanya nyuma ya goti na kukuchoma. Ukiinuka geuka uangalie mapajani na kiunoni pamekunjamanaje.

Kitu cha kukifuatilia zaidi ni kiuno. Suruali na sketi nyingi za kizamani zinakaa juu, usawa wa kitovu, na hilo ni zuri kwa sababu hazishuki ukiinama na shati halichomoki, ila ukikaa tumbo linatanuka, na kwenye ndege linatanuka zaidi. Sio hisia zako hizo, presha ndani ya ndege inashushwa iwe kama uko kwenye mlima wa mita 1,800 hadi 2,400 hivi, kwa hiyo hewa iliyoko tumboni nayo inajaa. Ukiwa umekaa na umeshiba, vidole viwili viingie kiunoni bila kulazimisha. Visipoingia iache hiyo nguo nyumbani, au mpelekee fundi kama nitakavyoeleza huko mbele.

Hatua ya pili: chagua enzi moja ikuongoze

Watu wanakosea kwa kuchanganya, kofia ya miaka ya 40 na bugaluu (suruali inayotanuka chini) na miwani mikubwa ya miaka ya 60 na koti la mabega mapana, matokeo yake unaonekana unaenda kwenye maigizo. Mi naona kipande kimoja kinachopiga kelele za zamani kinatosha, viwili mwisho, vingine vyote vikae kimya.

Sasa enzi zenyewe, nikizipima kwa kukaa.

Miaka ya 30 na 40 ndo naipenda kuliko zote kwa safari. Zile suruali pana za kiuno cha juu ambazo waigizaji wa filamu Katharine Hepburn na Marlene Dietrich walikuwa wanazivaa wakati mwanamke kuvaa suruali bado ni habari, mapaja yanapumua, hewa inapita, na ukisimama zinaanguka zenyewe zinanyooka. Afu Vita ya Pili ya Dunia ilisaidia pia kwa namna yake. Uingereza nguo zilikuwa za mgao kuanzia 1941 hadi 1949, kwa hiyo washonaji wakapunguza madoido, sketi ikawa ya magotini, isiyo na kitambaa cha kupoteza, mtu anaweza kutembea na kupanda basi nayo. Na Marekani kulikuwa na mbunifu anaitwa Claire McCardell, 1942 akatoa gauni la kujifunga lenye mfuko mkubwa ubavuni, lilitengenezwa kwa kazi za nyumbani, na kwa ujumla mama huyu alikuwa anawawekea wanawake mifuko na viatu vya chini wakati wengine wanawafunga. Ukitaka mtu mmoja wa kumuiga kwenye nguo za safari, angalia picha za kazi zake.

Miaka ya 50 ina sura mbili. Kuna ile ya mbunifu Mfaransa Dior aliyoizindua Februari 1947, kiuno cha nyigu na sketi ya mita nyingi za kitambaa, hiyo kwenye siti ya ndege utaigombania na jirani. Achana nayo. Sura ya pili ni suruali fupi nyembamba inayoishia juu ya kifundo cha mguu, viatu flati, shati jeupe na kadigani, hiyo beba bila kufikiria mara mbili. Wanaume nao wana lile shati la mikono mifupi lenye kola iliyolala wazi, halichomekewi, na suruali yenye marinda mawili mbele. Marinda hayo watu wanayadharau lakini kazi yake ni kufunguka ukikaa, ndo yanakupa nafasi mapajani.

Miaka ya 60 ilituletea gauni lililonyooka lisilo na kiuno. Hakuna cha kubana popote, unalipitishia kichwani tu, basi. Shida ni ufupi wake maana ukikaa linapanda na ngozi inagusa siti, dawa ni kuvaa taiti nzito chini au kushonesha la kufika magotini.

Miaka ya 70 ndo yenye vitu vingi. Gauni la kujifunga alilolipa umaarufu mbunifu Diane von Furstenberg 1974, kitambaa cha kuvutika, unalegeza ukishiba unakaza ukishuka. Jaketi la safari la mifuko minne, mbunifu Yves Saint Laurent alilipeleka kwenye mitindo ya juu mwishoni mwa miaka ya 60, na ndugu yake wa karibu ni Kaunda suti, nikikuambia mifuko ile minne inabeba pasipoti, simu, kalamu na peremende bila kuhitaji pochi utanielewa kwa nini nalisifia. Na bugaluu bila shaka. Bugaluu inakalika vizuri ila pindo lake ni balaa, linafagia sakafu ya choo cha ndege, linalowa mvua, na kwenye ngazi za umeme linaweza kunaswa. Likatwe liwe juu ya ardhi kidogo ukiwa umevaa kiatu kilekile utakachosafiri nacho, sio kingine.

Miaka ya 80 ni rahisi, sweta pana, trakisuti za rangi mbilimbili, jaketi jepesi la upepo. Toa tu zile pedi za mabega, zinagombana na mto wa shingo.

Hatua ya tatu: kitambaa

Kipimo cha bure: kusanya kona ya nguo kwenye ngumi, bana nusu dakika, achia. Ikibaki na mikunjo kama karatasi iliyotupwa, hivo ndo utakavyofika.

Kitambaa cha kufumwa kama cha tisheti, cha pamba au sufu, ndo rafiki mkubwa. Kabla ya mbunifu Coco Chanel kukichukua kwenye miaka ya 1910 kilitumika zaidi kwa nguo za ndani za wanaume, yeye akakishonea magauni na suti maana kinafuata mwili bila kubana. Sufu nyepesi watu wa sehemu za joto wanaiogopa bure, ile nyembamba haina joto la blanketi, haishiki harufu haraka, na ukiitundika usiku asubuhi imenyooka. Kuna pia ile pamba yenye mistari iliyojikunyata kwa makusudi, ya suti za kiangazi za zamani, haipigwi pasi kabisa na mikunyato yake inaifanya isigandie mwilini ukitoka jasho.

Kitani kinakunjamana, hakuna namna, ukikivaa kubaliana nacho. Kodrai ni nzuri kwenye baridi ila ukikaa sana yale manyoya yanalala na kung'aa makalioni. Viskosi, kitambaa cha magauni mengi ya miaka ya 40, kinaanguka vizuri sana lakini kikilowa kinapoteza nguvu na kinaweza kusinyaa, usikikamue.

Poliesta ya miaka ya 70 haikunjamani hata ukiilalia, hilo ni kweli, ila inafungia jasho na harufu inakaa humo hata baada ya kufua. Na kuna jambo la usalama ambalo wengi hawalijui, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani inashauri abiria wavae nyuzi za asili kama pamba, sufu, jinzi au ngozi kwa sababu za plastiki zikipata moto zinayeyuka na kugandia mwilini, na soksi ndefu za nailoni zimo humohumo. Sikutishi, ila kama una chaguo mbili mkononi chukua ya pamba. Spandeksi, uzi wa kuvutika uliogunduliwa 1958, ikiwemo asilimia 2 au 3 ndani ya suruali ya mtindo wa 1940 hakuna atakayeiona na kiuno chako kitashukuru.

Njia nyingine ya kukwepa pasi ni marinda madogomadogo. Mbunifu Mariano Fortuny kule Venice, Italia, tangu 1907 hivi alikuwa anatengeneza gauni la hariri lenye marinda membamba, unalisokota kama kamba unaliweka kwenye kiboksi cha duara, ukilitoa liko vilevile. Sketi za marinda za siku hizi unazisokota hivohivo na kuziingiza ndani ya soksi ndefu.

Hatua ya nne: ya zamani kweli au mpya yenye shepu ya zamani?

Jibu langu, juu unaweza kuvaa ya zamani kweli, chini nunua mpya. Shati, koti, skafu na kadigani za miaka hiyo zinavumilia. Suruali na sketi zinabeba uzito wote wa kukaa na uzi wa zamani ukichoka unaachia pale pale makalioni, tena ukiwa mbali na nyumbani.

Ukiwa unachambua mitumba, inyanyue nguo kwenye mwanga uone kama kuna sehemu zimepungua, vuta mshono wa makwapani taratibu, fungua na funga zipu mara kadhaa, vuta lastiki, lastiki ya zamani ikilia kama karatasi imekufa. Namba za saizi usiziamini kabisa, namba 12 ya miaka ya 60 ni ndogo kuliko 12 ya leo, tembea na futi kamba na vipimo vyako vya kifua, kiuno na nyonga. Na nguo iliyotengenezewa Marekani isiyo na lebo ya maelekezo ya kufua huenda ni ya kabla ya 1972, maana ndo mwaka sheria ya lebo hizo ilianza kazi kule, hiyo ifue kwa mkono na maji baridi.

Viatu vya zamani kweli msinunue kwa safari jamani. Soli nyingi za povu zinaoza zenyewe kwa unyevu wa hewa hata kama kiatu hakijawahi kuvaliwa, unakitoa kwenye boksi kinang'aa, unatembea kidogo soli inamomonyoka.

Hatua ya tano: pitia kwa fundi

Kazi ndogondogo nne zinabadilisha kila kitu. Lastiki ndani ya kiuno upande wa nyuma tu, mbele panabaki bapa kama kawaida. Mifuko ya pembeni kwenye gauni na sketi, na mmoja wa ndani wenye zipu. Kifungo cha siri kifuani kwa gauni la kujifunga, upepo wa nje ya uwanja wa ndege hauna adabu. Na pindo nililolisema. Mwambie fundi akupime pia ukiwa umekaa, atakushangaa lakini mwambie.

Hatua ya sita: viatu na soksi

Bahati nzuri raba nyingi za zamani bado zinatengenezwa mpya. Converse All Star zipo tangu 1917, Vans tangu 1966, Puma Suede tangu 1968, Nike Cortez tangu 1972, na kuna Adidas Samba ya tangu miaka ya 50 mwanzoni. Converse na Vans zina soli bapa kabisa, kama unatembea sana ongeza soli ya ndani yenye mnyanyuko katikati ya unyayo, ukinunua chukua yenye nafasi ya kuiingiza. Ukitaka kitu cha heshima zaidi vaa moka za ngozi laini ambazo umeshazizoea, kuanza kuzoea viatu vipya safarini ni kujitafutia malengelenge. Vijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, kwa sababu kwenye ndege itavimba vilevile.

Mchuchumio uingie kwenye begi. Kwanza unachosha, pili ikitokea dharura unatakiwa uuvue, maana kisigino kinaweza kutoboa lile puto la kutelezea abiria wakitoka kwenye ndege.

Soksi ndo siri ya suruali pana. Safari ya kukaa masaa manne au zaidi inaongeza hatari ya damu kuganda miguuni karibu mara mbili, japo kwa mtu mzima wa afya hatari yenyewe bado ni ndogo, na soksi za kubana hadi chini ya goti zinasaidia pia kuzuia uvimbe. Chini ya jinzi ya kubana zinakera, chini ya suruali ya mtindo wa 1940 hakuna anayejua unazo. Mwenye matatizo ya mzunguko wa damu amuulize daktari kwanza, na mwenye afya naye ainuke atembee.

Hatua ya saba: tabaka za juu

Hewa ya ndani ya ndege ni kavu na inabadilika, mara joto mkisubiri kuondoka, mara baridi mkiwa juu, basi nalo kiyoyozi chake kina maamuzi yake. Vaa tabaka tatu nyembamba kuliko moja nene: chini kitambaa cha kufumwa, katikati kadigani yenye vifungo (ya kupitishia kichwani itakuvuruga nywele na utampiga kiwiko jirani), juu koti. Koti refu la mvua lenye mkanda, lile lililotokana na maofisa wa Vita ya Kwanza ya Dunia, ndo koti la safari kuliko yote, linakataa upepo, mifuko mirefu, usiku unajifunika. Ukipata la gabadini, kitambaa alichokibuni Thomas Burberry 1879, ni jepesi kuliko linavyoonekana.

Hatua ya nane: pita ukaguzi bila drama

Vitu vya kizamani vina vyuma vingi. Mikanda ya bakoli kubwa, suspenda, bangili, magauni yenye waya kifuani, pini ishirini za nywele. Vyote vitie kwenye mfuko mmoja wa kitambaa uvivae ukishapita. Sketi yenye tabaka nyingi na kilemba kikubwa vinaweza kukufanya upapaswe, sio kosa, ila ongeza muda.

Na wapenzi wa majaketi ya jeshi mnisikilize vizuri. Nguo za mabaka kama kombati zimekatazwa kwa raia kwenye nchi kadhaa, Barbados, Jamaica na Trinidad na Tobago zikiwemo, hata mtoto haruhusiwi. Unaweza kunyang'anywa au kupigwa faini. Jaketi la kijani tupu bila mabaka kwa kawaida halina shida, ila angalia sheria za unakoenda kabla ya kulifungasha.

Hatua ya tisa: kichwa

Skafu ya mraba ya sentimita 90 hivi ndo kifaa cha bei nafuu kinacholeta zamani yote. Ifunge kwa mbele kama wanawake wa viwandani wakati wa vita, inaficha nywele za siku ya pili, halafu inashuka shingoni, inakuwa kifuniko cha macho. Pamba inashika, hariri inateleza, ukipenda hariri weka kibanio. Mitindo ya nywele ya kusokota juu ya paji usiifanye siku ya kusafiri, kichwa kinaegemea siti na pini zinakuchoma.

Miwani chagua shepu yoyote ya zamani inayokukaa, ile ya rubani ya Ray-Ban ya 1937 ilitengenezwa kwa watu wa kuruka, ila hakikisha inazuia miale ya jua, miwani ya zamani kweli mingi haina kinga hiyo. Kofia ngumu jaza soksi ndani ya kichwa chake, ilaze kichwachini katikati ya nguo.

Hatua ya kumi: fungasha

Kwa wiki moja: suruali mbili, sketi au gauni moja, juu nne, kadigani, koti, viatu jozi mbili, skafu mbili. Rangi mbili za msingi, mfano bluu nyeusi na krimu, na moja ya kuchangamsha kama haradali au matofali. Kila juu ikubali kila chini, isiyokubali inatoka. Za kufumwa zisokote, mashati yakunje, na vaa mwilini kile kizito zaidi.

Mifano ya kuanzia nayo: mwanamke, suruali pana ya sufu, tisheti ya mistari, kadigani fupi, raba nyeupe, skafu. Mwanaume, kadeti yenye marinda mbele, shati la kola wazi juu ya tisheti, jaketi la mifuko minne, moka. Safari ya baridi, kodrai, sweta ya shingo ndefu, koti refu la mvua, buti fupi.

Ukifika tundika kila kitu kabla hujajilaza. Vilivyokunjamana vitundike bafuni ukioga maji ya moto mlango umefungwa, robo saa hivi, kisha vivute kwa mkono kufuata uzi, isipokuwa viskosi, hiyo ukiivuta ikiwa na unyevu inatepeta na hairudi.